CV uliyokuja nayo kutoka nyumbani: namna ya kuiandika upya kwa kazi ya Toronto

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Ukurasa wa pili ulianzia shule ya msingi. Kazi yenyewe, miaka saba ya kushika hesabu za SACCOS mkoani Tanga, ilikuja ukurasa wa tatu kwa mstari mmoja tu: "Mhasibu, 2015 hadi 2022." Dada mwenye hiyo CV alikuwa ameshaituma kwa waajiri zaidi ya arobaini tangu ashuke Toronto. Hakuna aliyempigia simu.

Tuliketi kwenye meza ya maktaba, Scarborough, nikamwomba anisimulie Jumatatu yake ya kawaida kule ofisini. Alizungumza nusu saa, nikajaza karatasi mbili. Karibu kila alichokitaja ndicho waajiri wa huku wanachokitafuta, na kwenye CV hakikuwamo hata kwa neno moja. Tangu siku hiyo kila anayeniomba msaada huanza naye hivyo: simulia kwanza, tutaandika baadaye.

Haya ninayoeleza ni ya Ontario, hasa Toronto na miji jirani, ninakoishi. Majimbo mengine ya Kanada yanafanana nayo kwa mengi, ila sheria za kazi na bodi za taaluma ni za kila jimbo, na Quebec ina mambo yake, yakianza na lugha ya Kifaransa.

Hatua ya 1: Anza na tangazo la kazi

Wengi wetu tuna CV moja tunayoituma kila mahali, kama kadi ya mchango wa harusi. Huku kila kazi huandikiwa CV yake. Kwa hiyo usiifungue ya zamani kwanza. Tafuta tangazo la kazi moja unayoiweza, lichapishe, shika kalamu. Piga mstari chini ya kila kitendo wanachotaka ufanye, kila programu ya kompyuta waliyoitaja, na kila cheti. Neno lililorudiwa mara mbili au tatu ndilo wanalolijali zaidi.

Kisha ingia Job Bank, tovuti ya ajira ya serikali ya shirikisho. Kanada imezipanga kazi zote kwa namba, mfumo unaoitwa NOC, na toleo la 2021 lina namba za tarakimu tano. Watunza hesabu wako 12200, wahasibu na wakaguzi 11100, wapishi 63200. Chini ya kila namba pana orodha ya majukumu kwa Kiingereza cha huku. Isome ili ujue kazi yako inaitwaje hapa. Dada yetu alikuwa akijiita mhasibu na kuomba kazi za uhasibu peke yake. Tulipolinganisha majukumu, mengi yaliangukia kwa watunza hesabu, na upande huo matangazo yaliyomfaa yalikuwa mengi. Orodha hiyo usiinakili neno kwa neno. Mwajiri anataka kazi uliyoifanya wewe.

Hatua ya 2: Toa yasiyotakiwa

Picha, umri, jinsia, dini, kabila, hali ya ndoa, watoto, jina la baba, namba ya pasipoti: vyote vitoke. Sheria ya haki za binadamu ya Ontario inakataza kumbagua mwombaji kwa mengi ya mambo hayo, kwa hiyo mwajiri makini hapendi hata kuyaona. Kwako yanaweza kuwa heshima na uwazi. Kwake ni mzigo.

Namba ya SIN, yaani Social Insurance Number unayopewa na serikali ya Kanada, isikae kwenye CV kabisa. Ni tarakimu tisa zinazofungua kodi yako, benki yako na mikopo kwa jina lako. Mwajiri huipata baada ya kukuajiri. Anayeitaka kabla ya usaili, au anayeomba ada ya "kushughulikia maombi", huyo mkimbie.

Toa lile tamko la mwisho la "Nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli" pamoja na sahihi. Wadhamini watatu nao watoke. Waandike kwenye karatasi ya pembeni, uitoe ukiombwa, na kabla ya hapo uwe umewapigia simu kuwaambia. Mdhamini aliyeko Dodoma yuko mbele ya Toronto kwa saa saba wakati wa kiangazi cha huku na saa nane wakati wa baridi, kwa hiyo weka barua pepe yake, na hakikisha anaifungua.

Ya kubaki juu ni machache: jina, namba ya simu ya Kanada, barua pepe yenye jina lako la kawaida, mji na jimbo. Basi.

Kuhusu jina, naulizwa sana kama tulibadilishe liwe la Kizungu. Swali hili lina uzito. Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto alituma maelfu ya CV za majaribio kwa waajiri wa mji huu na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Zenye majina ya Kiingereza zilijibiwa zaidi kuliko zenye majina ya Kichina au ya Kihindi, hata sifa zilipolingana. Najua hayo, na bado ushauri wangu ni uache jina lako. Vyeti, barua za kazi na vitambulisho vyako vyote vinasema hilo, na ukishaanza kuelezea kwa nini majina hayafanani umejiongezea kikwazo cha pili. Ukiwa na majina matatu, yatumie mawili, na yawe yale yale kila mahali.

Hatua ya 3: Iandike kazi uliyoifanya

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo tunaposhindwa kwa sababu ya malezi mema. Tumefundishwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anayejisifu tunamwona hana adabu. Ukimuuliza fundi aliyejenga nyumba ishirini atakuambia "tulikuwa tunajengajenga". Mwajiri wa huku hana jirani wa kumuuliza habari zako. Anachojua ni kile karatasi inasema, na ikinyamaza anachukulia hakuna kitu.

Tazama CV ya yule dada kabla na baada. Kabla, chini ya cheo, ilisema: "Kufanya shughuli zote za uhasibu na kazi nyingine nitakazopangiwa na mkuu wangu wa kazi." Sentensi hiyo ilitoka kwenye barua ya ajira, na kila mmoja wetu anaijua. Haimwelezi mtu yeyote.

Baada ya nusu saa ya kusimulia, tuliandika hivi (kwa Kiingereza, bila shaka, lakini fikra ndiyo hii):

Mtunza hesabu, chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 640, Tanga, Tanzania, 2015–2022
– Kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki kwa akaunti tatu, na kufunga hesabu kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi.
– Kuandaa mishahara ya wafanyakazi 14, pamoja na makato ya kodi na hifadhi ya jamii.
– Kuhamisha kumbukumbu za wanachama wote kutoka kwenye madaftari kwenda QuickBooks kwa miezi mitano, na kuwafundisha makarani wawili kuitumia.
– Kuandaa nyaraka za wakaguzi wa nje kwa miaka saba mfululizo.

Lile neno QuickBooks ndilo lililoniumiza. Alikuwa ameitumia miaka mingi, biashara ndogo za Toronto zimejaa programu hiyo hiyo, na hakuiandika popote kwa kuwa aliona ni jambo la kawaida tu. Mambo unayoyaona ya kawaida ndiyo ya kuandika kwanza.

Kila mstari una vitu vitatu: ulifanya nini, kwa kiasi gani, na ikatokea nini. Kwa Kiingereza cha CV sentensi inaanza na kitenzi moja kwa moja, bila "mimi", na kwa kazi iliyopita kitenzi kiwe cha wakati uliopita. Tafuta idadi: wateja kwa siku, wanafunzi darasani, wagonjwa wodini, kilomita, magunia, watu uliowasimamia. Fedha za shilingi zinamchanganya msomaji, kwani milioni mia moja yetu anaisikia kama milioni mia moja ya dola. Ukizitaja, zigeuze ziwe dola za Kanada, au tumia hesabu ya watu na vitu.

Usijidharau kwa kuwa hukukaa ofisini. Mama lishe aliyelisha watu mia kwa siku alinunua, akapanga, akapika, akakusanya fedha na kusimamia wasaidizi. Hayo ni majukumu ya jiko lolote la Toronto. Akiongeza cheti cha usafi wa chakula, ambacho hupatikana kwa mafunzo mafupi, CV yake inasimama. Dereva wa lori la Dar hadi Tunduma aandike aina ya gari, mizigo, miaka na nyaraka za mpakani alizozishughulikia, huku akijua kwamba kwa malori makubwa Ontario inadai leseni ya daraja AZ, na tangu Julai 2017 inadai pia mafunzo rasmi kabla ya mtihani wa barabarani.

Hatua ya 4: Tafsiri taasisi na vyeo

Msomaji wa Toronto hajui SACCOS, halmashauri, VETA wala NSSF. Kila kifupisho kieleze kwa maneno machache. SACCOS kwa mtu wa huku ni sawa na kile wanachokiita credit union, na neno hilo moja lilifanya kazi ya sentensi tatu. PAYE na NSSF za kwetu ni ndugu wa makato ya kodi, CPP (pensheni) na EI (bima ya ajira) ya huku. Usidai umewahi kushughulika na CPP kama hujawahi. Sema umeandaa makato ya kodi na hifadhi ya jamii, na mwajiri ataelewa kwamba utakachojifunza ni mfumo wa huku tu, kazi ni ile ile.

Kwenye vyeo kuna mtego wa kisheria. Baadhi ya majina ya taaluma yanalindwa, na huruhusiwi kuyatumia Ontario bila usajili wa bodi ya hapa. Muuguzi asijiite muuguzi wa Ontario kabla ya kusajiliwa na College of Nurses of Ontario. Aandike alikuwa muuguzi aliyesajiliwa Kenya au Tanzania, na miaka. Mhasibu mwenye CPA (usajili wa mhasibu kitaaluma) ya Tanzania au ya Kenya asiweke zile herufi tatu baada ya jina lake, kwa sababu hapa ni za waliosajiliwa na bodi ya huku. Aandike kwa ukamilifu bodi iliyomsajili na nchi yake. Mhandisi hali kadhalika. Kwa wahandisi kuna jambo zuri: bodi yao ya Ontario, PEO, iliondoa sharti la uzoefu wa Kanada kwenye maombi ya leseni Mei 2023. Kama ulikata tamaa kabla ya hapo, rudi ukaangalie upya.

Hatua ya 5: Elimu kwa ufupi

Ukiwa na shahada, shule ya msingi na sekondari zitoke. Divisheni na alama za kidato cha nne hakuna anayezielewa. Kama umefanyiwa tathmini ya vyeti na WES (World Education Services) au taasisi nyingine inayotambulika, weka mstari mmoja: shahada, chuo, nchi, na kwamba imetathminiwa kuwa sawa na kiwango fulani cha Kanada. Wengi waliokuja kwa Express Entry, mfumo wa Kanada wa kupokea wahamiaji wenye ujuzi, huwa tayari wana ripoti hiyo, nayo inalala kwenye barua pepe bila kutajwa. Itaje. Kama elimu yako iliishia sekondari, andika umemaliza sekondari na nchi, kisha weka vyeti vya ufundi na vya hapa.

Lugha ni mali. Kiswahili kinahitajika kwenye hospitali, shule na mashirika yanayopokea wageni, na mwenye Kifaransa kutoka Kongo au Burundi ana kitu ambacho waajiri wengi wa Ontario wanakitafuta. Kirundi, Kinyarwanda, Kilingala, Kisomali: andika zote, na kiwango cha kila moja kwa kusema kweli.

Hatua ya 6: Miaka iliyo kimya

Ndugu zetu waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale huacha miaka kumi wazi kwenye CV kwa sababu kule "hawakuwa na kazi". Kisha ukiuliza unasikia mtu alifundisha darasa la watoto themanini, au alitafsiri kliniki kila asubuhi kwa posho ndogo ya shirika, au aliongoza kamati ya maji ya kitongoji. Hiyo ni kazi. Iandike kama nyingine zote: cheo, shirika, mahali, miaka, na mistari mitatu. Si lazima useme ulikuwa mkimbizi, na ukisema si aibu.

Uliyekaa nyumbani kulea au kuuguza, andika hivyo kwa maneno mawili na miaka. Tarehe usizivute ili kuziba pengo. Waajiri wanapiga simu, na uongo mdogo wa miezi sita unaweza kukufukuzisha kazini baada ya mwaka.

Hatua ya 7: Lile neno "uzoefu wa Kanada"

Yaani sharti la kuwa umewahi kufanya kazi Kanada. Limewatoa machozi watu wengi. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitoa mwongozo mwaka 2013 ikisema kwamba sharti hilo kwa kawaida ni ubaguzi, na tangu tarehe 1 Januari 2026 waajiri wa Ontario wenye wafanyakazi 25 au zaidi hawaruhusiwi kuliweka kwenye tangazo la wazi la kazi. Tangazo lenye sharti hilo halipaswi kukufukuza. Omba.

Hata hivyo mstari mmoja wa hapa unasaidia, na unaweza kuupata kwa kujitolea mahali panapofanana na taaluma yako. Kwa watu wa hesabu, napenda kuwaelekeza kwenye mpango wa serikali unaoitwa CVITP, ambapo wanaojitolea huwajazia ritani za kodi watu wenye kipato kidogo. Msimu wake mkubwa ni kabla ya tarehe 30 Aprili, na watahitaji uthibitisho wa polisi, basi anza mapema. Miezi miwili ya hapo inakupa uzoefu wa kodi ya Kanada, wateja wa Kanada na mdhamini anayefuata saa zile zile na wewe.

Wakati huohuo kodi ya nyumba haisubiri, na wengi tunaanza kwa kubeba boksi. Tengeneza CV ya pili kwa ajili hiyo, ya ukurasa mmoja. Ghala linataka kujua kama unaweza kusimama kwa muda wa saa nane, unainua uzito gani, unafika saa ngapi, una viatu vya usalama na mafunzo ya WHMIS, yaani ya usalama wa kemikali hatari kazini. Shahada ya uzamili unaweza kuiacha nje ya CV hiyo. Kuacha jambo lisilohusika si uongo. Ila usiifute ile ya taaluma, na kila wiki itume angalau mahali pamoja, kwa sababu nimewaona watu wenye vipaji wakiamka mwaka wa sita wakiwa bado na CV ya boksi peke yake.

Hatua ya 8: Karatasi, faili na barua

Kurasa mbili zinatosha, moja kwa mwenye uzoefu mdogo. Badilisha ukubwa wa karatasi kutoka A4 kwenda Letter, inchi 8.5 kwa 11. Ya huku ni fupi kidogo, na usipobadilisha utashangaa mstari wa mwisho umerukia ukurasa wa tatu. Andika Kiingereza kwa tahajia ya Kanada. Epuka majedwali, safu mbili na visanduku vya rangi, maana kampuni nyingi hupitisha CV kwenye programu ya kuchuja ambayo husoma maandishi ya kawaida vizuri na mapambo vibaya. Hapo ndipo yale maneno uliyoyapigia mstari kwenye tangazo yanapolipa, kwa kuwa programu inayatafuta hayo hayo. Kama umefanya jambo hilo, liite kwa jina walilotumia wao.

Ukitumia akili mnemba kunyoosha Kiingereza, soma kila mstari mara mbili. Nimeona ikimpa mtu cheo ambacho hakuwahi kukishika. Afadhali umpate mtu. Vituo vya huduma kwa wahamiaji vinavyofadhiliwa na serikali ya shirikisho havitozi pesa kwa wakazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa, na kazi mojawapo wanayoifanya ni kukaa na CV yako.

Barua ya maombi nayo ivuliwe joho la nyumbani. Hakuna "Yah: Ombi la kazi", hakuna "Husika na kichwa cha habari hapo juu", hakuna "mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 29", hakuna "wako mtiifu". Aya tatu fupi: kazi gani unaomba, mambo mawili uliyoyafanya yanayofanana na wanachotaka, na kwamba uko tayari kuzungumza. Usiombe huruma wala usieleze shida za kuhama. Kama una haki ya kufanya kazi Kanada, sentensi moja inatosha kuwaondoa wasiwasi.

Kila unapotuma, hifadhi CV hiyo pamoja na nakala ya tangazo kwenye folda moja yenye jina la mwajiri na tarehe. Matangazo huondolewa mtandaoni, na simu inaweza kuja wiki tano baadaye ukiwa ndani ya basi, mtu akikuuliza kuhusu mstari wa tatu wa CV usiyokumbuka ni ipi. Rekodi pia ujumbe wa sauti kwenye simu yako, kwa Kiingereza, ukitaja jina lako polepole. Waajiri wa huku huacha ujumbe na kuendelea na wa pili kwenye orodha, na yule dada wa Tanga simu yake ya kwanza ilimkuta kazini ghalani, kwenye kelele. Alisikiliza ujumbe wakati wa mapumziko, akapiga saa sita na dakika kumi.